Prado 120: nimebadili valvu bodi, sasa inasoma P0717 na P0713. Sensa, waya, au nimepigwa?

#1 Mnyalukolo120
Wakuu salaam. Nina Prado 120 ya 2005, injini 1GR-FE ya petroli, gia boksi A750F ya gia tano. Mwezi uliopita ilianza kugonga ikitoka ya pili kwenda ya tatu, kama mtu wa siti ya nyuma anakupiga teke mgongoni. Fundi akasema valvu bodi (inayogawa oili ya kubadili gia) imechoka, solenoidi zake (valvu za umeme) zinanata. Nikatafuta ya mtumba Ilala, laki nane na nusu, ikiwa na solenoidi zake zote saba. Ikafungwa siku hiyo hiyo.

Kugonga kumeisha, hilo nashukuru. Lakini natoka gereji, hata Kimara sijafika, taa ya injini hiyo. Mashine inasoma P0717 na P0713. Gia ya tano haingii kabisa, kwenye 100 injini inalia mpaka abiria wananiangalia. Nikifuta kodi (hizo namba za hitilafu), P0713 inarudi baada ya kama robo saa hata nikiwa nimeegesha. P0717 yenyewe inasubiri nitembee.

Fundi wa gia boksi anasema kazi yake imeisha, hizo ni sensa, niende kwa fundi umeme. Fundi umeme anasema kabla ya kufunguliwa gari ilikuwa na kodi hizi? Haikuwa nazo. Basi nirudi kwa aliyefungua. Nimenunua sensa ya NT (ya mwendo wa gia boksi) nyingine, elfu tisini, hakuna kilichobadilika. Jumatatu natakiwa niwe Iringa. Nisaidieni.

#2 Chumvi Tele
Nimeweka kigoda hapa na karanga zangu. Wataalamu wanakuja.

#3 Gereji Bubu
Mkuu, umeuziwa valvu bodi mbovu. Sensa ya NT inakaa kwenye valvu bodi, kwa hiyo umenunua valvu bodi na ugonjwa wake. Rudisha kabla hawajakusahau sura.

#4 Dada wa V6
@Gereji Bubu kama sensa iko ndani ya valvu bodi, hiyo aliyonunua elfu tisini ameifunga wapi, kwenye redio?

#5 Mzee wa Multimita
Nimsahihishe wa namba 3. Kwenye A750F sensa zote mbili za mwendo, NT inayosoma upande wa kuingilia na SP2 inayosoma upande wa kutokea, zimefungwa kwa nje, ubavuni mwa gia boksi. Boli moja, plagi ya waya mbili. Valvu bodi unaweza kuibadilisha mara kumi bila kuzigusa. Labda unafikiria Mercedes, zile zina sensa ndani kabisa.

Mleta uzi, una kodi mbili zisizo na undugu. Zitenganishe, usitafute mchawi mmoja.

P0713 ni sensa ya joto la oili, na inasema saketi imekatika. Ukifungua data za mashine utaona joto la oili ni hasi 40. Iringa kuna baridi ila haijafika huko. Sensa hiyo iko ndani ya sampu (karai la oili chini ya gia boksi), waya wake umetoka kwenye hanesi (fungu la waya) ya ndani inayolisha solenoidi. Nani kaigusa hanesi hiyo? Aliyebadili valvu bodi. Hilo ni lake.

P0717 ni NT haitoi ishara. Kontrol boksi (kompyuta ya gari) inalinganisha: SP2 inasema shafti ya nyuma inazunguka zaidi ya 1000 kwa dakika, NT inasema chini ya 300. Haiwezekani, taa inawaka. Ndiyo maana haiji ukiwa umeegesha.

Kabla ya kununua kitu kingine chochote, leta namba. Plagi ya sensa ikiwa imechomolewa, pima omu (ukinzani) kwenye sensa yenyewe. Baridi inatakiwa iwe kati ya 560 na 680.

#6 Mkisauni
Hapo sasa. Mie yalinipata Mombasa na Prado kama hiyo. Fundi alishusha gia boksi, akarudisha, akachanganya plagi: ya NT akaitia kwenye SP2 na ya SP2 kwenye NT. Siku nne twazunguka na sensa mpya mkononi. Angalia hilo kwanza, halina gharama.

#7 Gereji Bubu
@Mzee wa Multimita sawa mkuu nimekubali, nilichanganya na Benzi. Ila used ni used.

#8 Mnyalukolo120
@Mzee wa Multimita data inasoma hasi 40 kweli! Nilidhani programu ya simu ndiyo imekosea, natumia kile kidude cha ELM327. Kesho asubuhi naingia uvunguni na multimita.

@Mkisauni gia boksi haikushushwa, walifungua sampu tu. Plagi za nje sijui kama waligusa.

#9 Kaka Manuali
Ndiyo maana mimi naendesha gia za mkono. Klachi ikiisha unajua imeisha. Hakuna hasi 40 wala nini.

#10 Dada wa V6
@Kaka Manuali na goti lako la kushoto kwenye foleni ya Ubungo linasemaje?

#11 Mwana Sharjah
Assalaam. Mie nipo Sharjah, nauza spea za kuchomoa miaka sasa. Nyingi ya hizo mnazonunua Ilala zinapita huku. Prado za Ghuba za umbo hilo zina injini za 2.7 na 4.0. Ya 2.7 gia boksi yake ni A340F, gia nne, valvu bodi yake haiwezi kuingia kwako, hivyo hilo ondoa wasiwasi. Lakini A750F ipo pia kwenye Land Cruiser 100 ya V8 na kwenye FJ Cruiser. Kwa macho valvu bodi zinafanana kama mapacha. Ndani, springi na plagi za chuma zimepangwa kwa injini ile. Uliangalia imetoka gari gani, au ulihesabu solenoidi saba ukalipa?

#12 Mnyalukolo120
@Mwana Sharjah nilihesabu saba nikalipa.

#13 Chumvi Tele
😂😂😂 karanga zimeisha, naongeza korosho.

#14 Mzee wa Multimita
@Mwana Sharjah hoja yako ni nzuri ila haielezi kodi hizi. Valvu bodi ya V8 ingemletea gia kugonga au kuteleza, na kodi zake zingekuwa zile za utendaji. Hapa tofauti ni kubwa na mafundi wengi wanaichanganya. P0748, kwa mfano, ni umeme wa solenoidi ya SL1: waya umekatika au umepiga shoti. P0746 ni SL1 hiyo hiyo, ila umeme uko sawa na kazi haionekani, maana yake oili haikupita inavyotakiwa. Ya kwanza unaitafuta kwa multimita, ya pili kwa spana. Za huyu ndugu zote mbili ni za multimita.

#15 Mkisauni
Na hapo uongeze, SL1 na SL2 omu zao sawa, zote zacheza kwenye tano na kitu. Fundi akibadilisha plagi zao ndani, umeme hauoni kosa, kontrol boksi yaona waya wote wazima. Gari ndiyo itakwambia.

#16 Mtaa wa Pili
Mimi naona mnazunguka. Je, walirudisha waya wa athi? Kwenye gari yangu (si Prado, ni Mark X) walisahau kufunga athi inayotoka kwenye injini kwenda bodi ya gari. Taa zote ziliwaka kama Krismasi. Kufunga boli moja zikazima zote.

#17 Fundi Umeme wa Buguruni
Naunga mkono wa 16. Nusu ya kodi za sensa ninazoletewa ni athi. Watu hawaamini mpaka wanunue sensa tatu.

#18 Mzee wa Multimita
Athi ikilegea ingeleta fujo kila mahali, siyo kodi mbili tu. Na NT ina waya zake mbili zinazokwenda moja kwa moja kwenye kontrol boksi, haitegemei athi ya bodi. Lakini aiangalie, dakika mbili tu.

#19 Mnyalukolo120
Mrejesho wa asubuhi. Nimelala chali saa nzima, tope la Iringa lote limenidondokea machoni.

1. Athi ziko zote, zimekazwa.
2. Sensa mpya ya NT inasoma 610. Ile ya zamani, niliyoambiwa imekufa, inasoma 605. Kwa hiyo elfu tisini yangu imekwenda hivi hivi.
3. Plagi ya NT: kile kimdomo cha kujifungia kimevunjika. Inaingia lakini haifungi, ukiigusa inacheza. Rangi ya plastiki palipovunjika bado ni nyeupe, yaani si ya siku nyingi.

Ya joto sijapima, sijui napimia wapi.

#20 Fundi Umeme wa Buguruni
Hiyo namba 3 ndiyo jibu, funga uzi. Fundi wako alichomoa plagi apate nafasi ya mkono, akavunja, akanyamaza.

#21 Dada wa V6
Fundi kunyamaza ni kodi gani kwenye mashine?

#22 Mzee wa Multimita
Usifunge uzi bado. Plagi kucheza ni sababu nzuri, lakini hakuna aliyepima waya kutoka hapo hadi kontrol boksi. Toa droo ya mbele ya abiria, kontrol boksi iko nyuma yake. Betri itolewe kwanza. Chomoa plagi husika, pima kati ya NT+ na NT− sensa ikiwa imechomekwa: lazima upate 610 ile ile. Ukipata namba nyingine au hakuna kitu, tatizo liko njiani. Kisha pima NT+ na bodi ya gari, iwe elfu kumi au zaidi. Ikisoma kidogo, waya umechubuka mahali unagusa chuma.

Kwa joto: plagi kubwa ya gia boksi ndiyo njia ya waya zote za ndani. Pima pini mbili za sensa ya joto. Gari ikiwa baridi, kwenye nyuzi 25 hivi, utegemee kati ya omu 2500 na 4500. Ikichemka sana, karibu na 110, inashuka mpaka mia mbili na kitu. Ukiona haisomi kabisa, sampu inafunguliwa tena.

Na jambo moja muhimu kuliko hizo kodi. Unataka kwenda Iringa Jumatatu. Joto la oili unaloliona kwenye mashine linatoka kwenye sensa hiyo hiyo. Sasa hivi gari inaamini oili ni barafu. Ukipanda Kitonga nyuma ya lori la mbao, oili itachemka na mashine yako haitakuambia.

#23 Mnyalukolo120
Hilo la Kitonga limenipa baridi. Safari naahirisha, nimepiga simu kazini.

#24 Kaka Manuali
Huko Kitonga mimi naweka mbili napanda naimba.

#25 Panya Buku
Mmewaacha wanyama. Jirani yangu Sinza alipata P0717 kwenye gari nyingine, kumbe panya kala waya juu ya gia boksi. Alikuta na kiota, na mfupa wa kuku. Gari ililala gereji usiku mingapi?

#26 Mnyalukolo120
@Panya Buku ililala usiku mmoja. Na jina lako linanitia shaka.

#27 Mpenda Benzi
Kwa kuwa Benzi imetajwa, niseme yangu. C-Class yenye gia boksi ya 722.6. Hiyo sensa zote mbili za mwendo, N2 na N3, ziko kwenye bamba la plastiki juu ya valvu bodi, pamoja na ya joto. Mtu akigusa valvu bodi lazima aguse bamba. Nilibadili, ikakaa wiki, ikagoma kwenye gia ya pili haitoki. Ukizima ukawasha inaenda, baadaye inarudi pale pale. Tukasema bamba jipya bovu. Kumbe kile kipande cha plagi ya pini 13 kwenye ubavu kina oringi mbili, zimekauka, oili inapanda ndani ya waya kama utambi wa koroboi mpaka kwenye kontrol boksi. Nilipochomoa plagi ya juu oili ilinidondokea kwenye kiatu.

Chomoa plagi kubwa ya gia boksi yako uiangalie ndani. Ikiwa na oili, anzia hapo.

#28 Gereji Bubu
Toyota haina ugonjwa huo.

#29 Mpenda Benzi
Oili haijui chapa ya gari, mkuu.

#30 Mama Bodaboda
Samahani natoka nje kidogo: alibadili oili gani? Mdogo wangu aliwekewa Dexron ya galoni kwenye A750F kwa sababu "zote nyekundu". Ilianza kutetemeka kwenye 60 kama inapita barabara ya vumbi.

#31 Mnyalukolo120
Waliweka iliyoandikwa WS, makopo niliyaona yakifunguliwa.

#32 Gereji Bubu
WS, T-IV, Dexron, yote maji ya gia boksi. Mimi naweka T-IV kwenye zote, sijawahi kurudishiwa gari.

#33 Mzee wa Multimita
@Gereji Bubu wanakwenda kwa mwingine, ndiyo maana hawarudi. WS ni nyepesi kuliko T-IV, na Toyota wenyewe wanasema zisibadilishane. Ila oili haimletei P0713.

Kiwango chake kilipimwaje? A750F haina kijiti cha kupimia. Inapimwa kwa boli ya chini ya kufurika, oili ikiwa kwenye nyuzi 36 hadi 46. Na njia ya kujua joto bila mashine ni hii: kwenye soketi ya mashine chini ya usukani unaunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, unawasha, unapeleka gia N kwenda D na kurudi haraka haraka kwa sekunde sita, taa ya D inawaka sekunde mbili kukuambia imeelewa. Baada ya hapo D ikizimwa oili bado baridi, ikiwaka imefika, ikipepesa imepita. Hesabu pini vizuri, ya 16 ina umeme wa betri muda wote.

Sasa jiulize: kama sensa ya joto imekufa tangu sampu ilipofungwa, fundi alijua vipi oili imefika joto lake?

#34 Chumvi Tele
Hapo umemaliza kesi. Mshtakiwa asimame.

#35 Mnyalukolo120
Alipima kwa kidole. Aliingiza kidole kwenye tundu akasema "iko".

#36 Dada wa V6
Kidole cha nyuzi ngapi?

#37 Mkisauni
Ongeza na hili: rangi ya oili ya zamani uliiona? Prado hizi oili ya gia boksi yapoa ndani ya rejeta. Ikipasuka pale kati, maji na oili vyaonana, vyawa kama yogati ya stroberi. Gundi ya klachi inaachia, na kugonga ndivyo kunavyoanza. Isije ikawa valvu bodi ya kwanza ilikuwa nzima.

#38 Mnyalukolo120
@Mkisauni ilikuwa kahawia nzito, inanuka kuungua kidogo. Si yogati. Umenifanya nichungulie rejeta usiku na tochi.

#39 Mnyalukolo120
MREJESHO MKUBWA. Tumefungua sampu leo, mimi nimekaa pembeni kwenye ndoo nikitazama kila boli.

Plagi kubwa: kavu, haina oili. Pini za joto: hakuna kitu, mita inakaa kimya.

Ndani: waya wa sensa ya joto umepitishwa chini ya chujio la oili. Chujio limekazwa juu yake. Umebanwa mpaka shaba inaonekana, uzi mmoja umekatika kabisa, na hapo hapo mtu alishauunganisha zamani kwa selotepu nyeusi. Selotepu imelainika, inavutika kama ubani uliotafunwa. Kwa hiyo ama fundi alikata yeye akaunga, au hanesi ilishakuwa na kilema tokea kwa mwenye gari wa kwanza, naye akaumalizia tu.

Fundi aliangalia, akasema, "Hii nimeikuta." Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Hukuuliza."

#40 Fundi Umeme wa Buguruni
😂 Hukuuliza.

Kuunga: lehemu, kisha mpira wa kubana kwa moto unaovumilia oili. Selotepu ndani ya gia boksi ni sawa na karatasi ndani ya chai. Afadhali zaidi hanesi nzima, maana sensa hiyo ni sehemu ya hanesi.

#41 Mwana Sharjah
Hanesi ipo huku, ya kuchomoa. Ila umeona nilivyosema, mnunue vitu kamili, siyo valvu bodi uchi.

#42 Mnyalukolo120
Tumeunga kwa lehemu kwa sasa, hanesi nimeagiza. Tumefunga, oili imepimwa kwa njia ya pini 4 na 13, ilikuwa pungufu, imekunywa karibu lita nzima kabla haijafurika. Joto sasa linasoma 31, likapanda 40, 52. P0713 imezimika. Gia ya tano imeingia.

P0717 siku ya kwanza haikuja. Jana nimekwenda Chalinze kujaribu. Saa nzima safi. Narudi, karibu na Mlandizi, 90 hivi, gari imeshachemka: taa. P0717 peke yake.

#43 Mzee wa Multimita
Waya hadi kontrol boksi ulipima?

#44 Mnyalukolo120
Nilipima. 611. Na kwenda bodi hakuna kitu, ni safi. Plagi nimeifunga kwa utepe wa plastiki haichezi tena.

#45 Fundi Umeme wa Buguruni
Ikija gari ikiwa ya moto tu, sensa inakufa kwa joto. Ndani kuna waya mwembamba kama nywele, ukitanuka unaachia, ukipoa unarudi. Ukipima baridi utasema nzima. Chemsha sensa kwenye maji ukiipima.

#46 Mnyalukolo120
Nimechemsha. Sufuria ya uji, waya mbili za multimita zinaning'inia, mke wangu amesimama mlangoni hasemi kitu. Baridi 610, maji yalipochemka 775. Ile ya zamani 605 ikaenda 768. Sensa zote mbili mbovu?

#47 Gereji Bubu
Imepanda kutoka 610 mpaka 775! Mbovu hizo, zote mbili.

#48 Mzee wa Multimita
Hapana jamani. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi. Kutoka 25 hadi 95 ni nyuzi 70, yaani asilimia 27. 610 ukiongeza asilimia 27 unapata 775. Sensa yako imefuata hesabu kama mwanafunzi wa mbele. Ingekuwa mbovu ingekatika au kurukaruka.

#49 Fundi Umeme wa Buguruni
Maji yanaishia 100, mzee. Gia boksi ikipanda mlima inapita hapo, na huko inatetemeka, sufuria haitetemeki. Nimeona sensa zinafaulu kwenye maji zinafeli barabarani. Pima volti za AC zinazotoka gari ikitembea, siyo omu.

#50 Mzee wa Multimita
Hapo nakupa. Apime volti ikitembea. Ila mimi naanza na pini za kike za plagi. Plagi iliyocheza wiki nzima imeshazitanua, sensa haina kosa.

#51 Mkisauni
Mie bado nashuku chuma. Sensa hizo zina sumaku. Klachi zikisagika unga wake wanata kwenye ncha, waharibu ishara. Ulipoitoa ile ya zamani ilikuwaje mdomoni?

#52 Mnyalukolo120
Ilikuwa na ndevu nyeusi, kama unga wa risasi. Niliipangusa kwa shati.

#53 Mkisauni
Basi na mpya ishaota ndevu.

#54 Panya Buku
Mimi naendelea kusema panya.

#55 Mnyalukolo120
Mrejesho wa safari. Nimefika Iringa jana usiku. Nimetoa plagi, pini za kike nimezibana kidogo kwa sindano, nimepangusa ncha ya sensa (ilikuwa na vumbi jeusi kidogo, si ndevu), nimesogeza waya mbali na bomba la moshi ambapo ulikuwa karibu vidole viwili. Vitu vitatu kwa pamoja, najua mtanigombeza.

Mikumi taratibu kwa 50. Kitonga joto lilipanda mpaka 104 nyuma ya lori, nikaegesha Ilula nikanywa chai. Taa haikuwaka. Asubuhi hii natoka getini, P0717 imekaa kwenye kumbukumbu kama kodi inayosubiri, taa haijawaka.

#56 Fundi Umeme wa Buguruni
Ni sensa. Badili.

#57 Mzee wa Multimita
Ulifuta kodi kabla ya kuondoka Dar?

#58 Mnyalukolo120
...sikumbuki kama nilifuta.

#59 Dada wa V6
Ulipita Ruaha Mbuyuni bila kununua vitunguu, au navyo vinasubiri kwenye kumbukumbu?

#60 Mnyalukolo120
Gunia moja liko nyuma. Nimefuta kodi sasa hivi, naanza kuhesabu upya. Ijumaa narudi Dar.

#61 Mwana Sharjah
Na ile valvu bodi ya zamani, waiuza?

#62 Mnyalukolo120
Iko stoo ndani ya mfuko wa saruji. Fundi naye kaiulizia mara mbili. Siiuzi mpaka nijue hii iliyofungwa ni ya gari gani.